Mashine Iliyolala na Swali Mdomoni

Ninyi mnaotengeneza simu pale Kibaoni, hamjambo? Ambaye hajanipa shikamoo anipe kwanza ndipo aendelee kusoma. Shikamoo haijawahi kumaliza chaji ya mtu.

Mimi ni Mama Tekla. Wengine mnanijua kama bibi anayeuza maandazi karibu na saluni, lakini kabla ya maandazi nilikuwa fundi wa kompyuta. Cheka tu. Juzi nilikwenda kwa Baraka kubadilisha kioo cha simu, nikamkuta amechomeka flashi kwenye simu kwa kiwaya kifupi, anavuta nyimbo. Alipomaliza akatoa kile kiwaya, simu ile ile akaichomeka kwenye kompyuta, na sasa kompyuta ndiyo ikawa inaichokonoa simu. Nikamuuliza, "Baraka, simu imejuaje kwamba saa hii ni ya kuamuru na saa ile ni ya kuamriwa?"

Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini maji yamelowa. "Bibi, inajua tu."

Inajua tu! Haya. Basi kaeni niwaambie jinsi ilivyokuwa wakati haijui.

Nazungumzia miaka ya tisini. Kulikuwa na mradi wa visima hapa Ifakara, ofisi yake nyuma ya soko, vyumba viwili na banda la gari. Mradi ulikuwa na wadodosi wanaozunguka bonde zima, kutoka njia ya Mkula mpaka ng'ambo ya mto, wanaandika kaya ngapi, zinateka maji wapi, watoto wanaharisha au hawaharishi. Kila mdodosi alipewa laptopu, na msidhani ni hizi za kwenu nyembamba kama sahani. Zile zilikuwa nzito, ukiipakata mapaja yanakufa ganzi. Zilikuwa na mlango wa disketi, lakini katika bonde la mpunga, pumba na vumbi viliua milango yote ndani ya msimu mmoja. Kwa hiyo data zilihama kwa njia moja tu, waya mnene kutoka mashine hii kwenda mashine ile.

Na hapo ndipo palipokuwa na mambo. Mashine mbili zikiunganishwa, lazima moja iwe mwenyeji na nyingine iwe mgeni. Mwenyeji anakaa, anafungua milango yake, anasubiri. Mgeni ndiye anayeingia na kuhangaika ndani, anaweka mzigo au anachukua. Mashine haikuzaliwa mwenyeji wala mgeni, wewe ndiye uliyeiambia kwa programu. Asubuhi laptopu ya mdodosi ilikuwa mgeni, ikaja kuweka data kwenye mashine ya ofisi. Ikimaliza mnabadilishana zamu: ile ya mdodosi inakaa kama mwenyeji, ya ofisi inaingia kuiwekea madodoso mapya. Kila kubadilisha ni kwa mkono, kwa amri, kwa akili yako. Hakuna kujua tu.

Aliyenifundisha yote hayo ni Mzee Mwinuka, Mungu amrehemu. Alikuwa fundi umeme kwenye mashamba ya miwa kabla ya kuja kwetu, na huko alikaa na watu wa kila kabila na kila dini, ndiyo maana alijua kutania kwa lugha zote na kugomba kwa lugha moja. Kabla hajagusa mashine aliipiga piga mgongoni na kuiuliza kwa sauti, "Wewe leo ni nani?" Mimi nilidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Kumbe alikuwa anajikumbusha mwenyewe. Maana ukikosea, ukaziweka zote wenyeji, zinakaa zinatazamana kama wakwe wawili, kila mmoja anasubiri asalimiwe. Ukiziweka zote wageni, zote ziko nje zinapiga hodi na hakuna wa kusema karibu. Dereva wetu aliwahi kujaribu kutusaidia, akakaa na mashine zake mbili za hodi asubuhi nzima, akaja kutuambia waya ni mbovu. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta.

Sasa ongezeni usingizi. Zile laptopu zilikuwa na kitu kipya wakati huo, ukifunga mfuniko inalala. Si usingizi wa kusinzia. Inachukua kila kilichomo kichwani mwake, inakiandika kwenye diski yake, kisha inazimika kabisa, hata betri ukiitoa haijali. Ukiifungua inasoma kile ilichoandika na kuendelea pale pale ilipoachia. Kwetu sisi ilikuwa neema, kwa sababu kule vijijini betri tulichaji kwa paneli ya jua ya ofisi ya kijiji, na jua lenyewe linakuja likitaka.

Lakini mgeni akilala kabla ya kuagana na mwenyeji, hapo una kesi. Ataamka akidhani bado yuko ndani ya nyumba ya watu, anatafuta mlango, haupo. Anauliza swali, anaganda. Mwezi mmoja kabla ya haya nitakayowaambia, mdodosi wa upande wa Mlimba mashine yake iliganda hivyo. Akafanya kile ambacho kila mtu angefanya, akaizima kwa nguvu na kuiwasha upya. Data zilikuwa zimeshikwa kichwani mwa programu, zikaenda na maji, kazi ya msimu mzima. Yule kijana alikaa kwenye ngazi za ofisi, hata chai hakunywa.

Basi Mzee Mwinuka akatuwekea sheria, tukaiimba kama sala: mwenyeji huamka wa kwanza na hulala wa mwisho, na mgeni halali bila kuaga. Sheria ilikuwa nzuri sana. Tatizo lilikuja kutoka mahali ambapo hata yeye hakupafikiria.

Mdodosi wetu wa ng'ambo ya mto alikuwa binti wa Kisukuma, jina lake Holo. Wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe wao akiwa mdogo, wakajenga kitongoji huko kwenye mbuga karibu na mto, wakakiita Mwamalole. Nilimpenda Holo, sifichi. Msichana mrefu, mpole, kicheko chake kinatangulia, na mwandiko wa data safi kuliko wadodosi wote. Na alikuwa na jambo lake rohoni. Kule kwao maji waliteka mtoni, na mtoni kuna mamba. Jirani yao mmoja alipoteza mkono akiteka. Mama yake mzazi alikwenda pale pale, asubuhi na jioni, kwa sababu watu lazima wanywe.

Kamati ya visima ilikuwa inakutana Ifakara mara moja tu kabla ya kiangazi, kupanga vitongoji gani vichimbiwe. Ndani ya kamati walikuwemo waliosema waziwazi, "Hao wafugaji wamekuja juzi, kesho wakihama kisima kitabaki cha nani?" Mwenyekiti alikuwa mtu wa haki lakini mkavu. Alisema kitongoji chochote kitapimwa kwa data zake, na kisicho na data hakitajadiliwa. Data za Mwamalole zilikuwa mahali pamoja tu, kwenye laptopu ya Holo. Na mbuga ilikuwa imeanza kujaa maji, kurudia dodoso haikuwezekana tena.

Siku moja kabla ya kikao, Mzee Mwinuka alichukua mashine yake na gari, akaenda kukutana na Holo pale kivukoni, upande wetu wa mto, halafu yeye avuke kwenda kuwakusanya wadodosi wengine wa mbali. Wakaweka mashine zao juu ya boneti. Ya Mzee mwenyeji, ya Holo mgeni. Waya ukachomekwa, data zikaanza kwenda. Mzee akaenda kubishana na watu wa pantoni kuhusu nafasi ya gari.

Ndipo akatokea baba mkubwa wa Holo, anateremka kuja kivukoni na fimbo yake, ametoka kuuza ng'ombe.

Sasa ninyi mnaosalimia wazee huku mnatazama simu hamtaelewa. Holo hakuweza kumwamkia baba yake mkubwa na kitu kimefunguliwa mbele yake, kinamwakia usoni, kama vile ana shughuli muhimu kuliko mzee. Alifanya alichofundishwa tangu anatambaa. Akafunika alichokuwa anafanya, akageuka, akapiga magoti kwenye matope. "Mwangaluka, baba." Baba mkubwa akaitikia. Akauliza habari za kazi, akaulizwa habari za ng'ombe, na ng'ombe wa Kisukuma hawaulizwi kwa mkupuo. Mpaka wamemaliza, pantoni imeshapiga honi. Mzee Mwinuka kaja mbio, kaona mfuniko umefungwa, kadhani binti amemaliza na kuaga. Kachomoa waya, kabeba mashine yake, gari likaingia, wakavuka.

Holo alipofungua laptopu ili aone kama mambo yamekwisha, ikaamka na swali kwenye kioo. Kwa Kiingereza, lakini maana yake ni hii: nyumba niliyokuwemo siioni, nijaribu tena au niache? Ukibonyeza R inajaribu tena. Ukibonyeza A inaacha, na ikiacha imeacha kila kitu. Holo alikumbuka yule wa Mlimba. Hakubonyeza chochote. Akaifunga taratibu, ikalala tena na swali lake mdomoni, akaizungushia khanga, akaipakia kwenye baiskeli, akaja nayo Ifakara.

Aliingia ofisini saa ya chakula cha mchana, matope mpaka magotini. "Shikamoo mama," akasema, halafu akaanza kulia. "Mama Tekla, nimekiua kisima."

"Marahaba. Hujakiua. Kaa chini, kunywa maji, uniambie pole pole."

Akanieleza. Nikatoka naye mbio mpaka parokiani, walikokuwa na redio ya upepo, na kule ng'ambo Mzee alikuwa akifikia kwa mapadre wenye redio kama hiyo. Bahati ikatupenda, alikuwa ndiyo kwanza amefika. Mnaijua ile redio? Anaongea mmoja, akisema ova ndipo mwingine afungue mdomo. Ukikatiza hakuna anayesikia.

"Mzee shikamoo, mashine ya Holo imelala ikiwa mgeni. Ulipochomoa waya ilikuwa haijaaga. Ova."

Akadakia, "Marahaba! Nani aliilaza? Ova."

Holo akachukua kile kipaza sauti kwa mikono miwili. "Mimi, mzee. Alikuja baba mkubwa, nikamwamkia. Ova."

Redio ikabaki inakwaruza tu. Nilijua anagomba huko bila kubonyeza kitufe, na namshukuru hakukibonyeza. Aliporudi sauti ilikuwa imeshuka. "Ulipiga magoti? Ova."

"Ndiyo, mzee. Ova."

"Basi hata mimi ningefunga. Tekla, nisikilize. Nirudi leo siwezi, pantoni imesimama, maji yamepanda. Ova."

Holo akaniegemea begani. Nikauliza, "Sasa tufanyeje bila mashine yako? Mwenyeji wake ni wewe. Ova."

"Nani kasema ni mimi? Yule mgeni hajui sura yangu. Anajua njia ya waya na jina la chumba alichokuwa anawekea mzigo. Chukua ile kompyuta ya mezani. Iweke mwenyeji. Mpe waya wa aina ile ile, tundu lile lile, spidi ile ile, folda yenye jina lile lile, usikosee hata nukta. Mwenyeji akae macho anasubiri kwanza, ndipo umchomeke mgeni, ndipo umwamshe. Umenipata? Ova."

"Nimekupata. Na akiamka nibonyeze R? Ova."

"Acha haraka, Tekla! Nakujua wewe! Akiamka usiguse kitu. Kichwa kinaamka kabla ya mkono. Ile njia ya waya inakuwa bado ina usingizi, ukimuuliza wakati huo atasema hamna mtu. Mwache anywe chai. Kale ka-taa kanakopepesa diski ikifanya kazi kakitulia kabisa, hapo ndiyo. Na R unabonyeza mara moja tu. Ova na kwaheri, betri ya mapadre inakwisha."

Haya, vijana, hicho ndicho nilichotaka mkishike hata msiposhika kingine. Kitu kikiamka, si kwamba kimeamka chote. Mpaka leo mnaona simu inawaka, mnachomeka flashi hapo hapo, haisomi, mnasema flashi ni feki. Subirini kidogo, jamani.

Tukarudi ofisini. Nikaiwasha ile ya mezani, nikaandika jina la folda, Holo akanisomea herufi moja moja, nami nikamsomea tena. Nikaweka spidi. Nikaipa amri ya kukaa mwenyeji, ikakaa, kioo kikaandika kwamba inasubiri. Nikachomeka waya, nikakaza skrubu zake kwa kucha kwa sababu bisibisi sikuiona na sikutaka kuondoka. Nikamwambia Holo, "Fungua wewe."

"Mama, je, tukiwa tumekosea?"

"Tumesomeana kila herufi. Fungua."

Akafungua. Mashine ikakoroma, ikasaga saga diski yake, ikarudisha kila kitu kioo kizima, na lile swali likajitokeza pale chini, likatukodolea. Kidole changu kilikuwa juu ya R na nakwambieni kiliniwasha. Ka-taa kanawaka, kanazima, kanawaka. Nikaweka mikono chini ya mapaja nikaikalia. Holo akaniona, akaanza kucheka huku machozi hayajakauka, na mimi nikacheka, tukawa wanawake wawili tumekalia mikono mbele ya kompyuta. Mhasibu alichungulia mlangoni akaondoka bila kuuliza.

Ka-taa kakatulia. Tukangoja tena kidogo, kwa heshima ya Mzee. Kisha Holo akabonyeza R.

Kwanza hakuna kilichotokea. Mungu wangu, nilisikia mashine za kukoboa mpunga za mtaa wa pili. Halafu ile ya mezani ikaitika, taa yake ya diski ikapepesa, na kwenye kioo cha Holo namba zikaanza kupanda. Kaya za Mwamalole zikawa zinaingia moja baada ya nyingine, na Holo anazitaja kwa sauti ndogo, kwa nani, kwa nani, kama anawapokea mlangoni. Zilipomaliza nikamwambia, "Sasa aga." Akaipa amri ya kuachana na mwenyeji. Akasubiri jibu. Ndipo akafunga mfuniko, akaukumbatia.

Kesho yake data zilikuwa mezani pa kamati zimechapwa. Mmoja wa wale waliozoea kusema wamekuja juzi alisema tena. Mwenyekiti akamsomea idadi ya kaya, idadi ya watoto, umbali wa kwenda mtoni, na walioumizwa na mamba. Akamuuliza, "Hawa wangoje mpaka wawe wa zamani ndipo wanywe maji?" Mwamalole wakapata kisima.

Mzee Mwinuka alirudi maji yalipopungua. Hakugomba. Aliongeza mstari mmoja kwenye sheria zake, kwamba kabla ya kuunganisha mashine yoyote, angalia barabarani kama kuna mzee anakuja. Akija, msalimieni wote, kazi ianze baadaye. Tuliifuata sheria hiyo mpaka mradi ulipofungwa, na haikutuchelewesha hata siku moja. Siku hizi simu zenu zinajua zenyewe wakati wa kuwa nani, nami nafurahi, msidhani naona wivu. Ila najua kuna mtu mahali fulani aliyezifundisha kungoja, na huyo lazima alikuwa na mtu wa kumgombeza kama nilivyokuwa na wangu.

Kiangazi wakachimba. Holo akanialika niende nikaone, nikavuka kwa pantoni, nikapanda baiskeli ya kukodi mpaka mbugani, mgongo ukaniuma wiki nzima. Pampu ya mkono ilikuwa imesimama katikati ya kitongoji, saruji bado nyeupe, wanawake wamejaa, kelele kama harusi. Mama yake Holo alikuwa pale na mjukuu wake mdogo ndani ya beseni, anamwogesha, anaongea na mwenzake wa upande huu, ndoo ya maji na pampu viko nyuma yake, mkono tu unafika nyuma kuchota.

Mimi sikuona cha ajabu. Holo akanishika kiwiko. "Mama Tekla, muone mama."

"Namwona. Anaogesha mtoto."

"Kule mtoni, kwa ajili ya mamba, huwezi kuyapa maji mgongo, hata kumfuta mtoto kamasi unamfuta unayatazama," akasema Holo. "Mimi tangu nizaliwe sijawahi kumwona mama ameteka maji huku anamtazama mtu usoni."

Mama yake akatuona, akainua mkono wenye povu, akaniita kwa jina.